Jani la nduma, jicho la nondo na vumbi la Kariandusi: mwongozo kamili wa kuangalia vitu vya asili kwa hadubini ya elektroni ukiwa Nairobi

Chukua jani la nduma, mwagia maji kidogo. Hayashiki. Yanajikunja yanakuwa kama shanga, yanabingirika yakibeba vumbi hadi chini na jani linabaki kavu kabisa kama halijawahi kuona mvua. Ukiliangalia kwa jicho halina kitu cha maana, ukilishika ni kama linateleza teleza tu. Sababu iko kwa vitu vidogo vilivyopangika juu ya ngozi yake, vidogo hadi hadubini ya kawaida ya shule haiwezi kukuonyesha, na hiyo ndio kazi tunaenda kufanya hapa.

Naandika hii maana kila muhula kuna mwanafunzi ananiuliza maswali yale yale, na wengi wanakuja wakiwa wameshapoteza sampuli, pesa na wiki mbili. Na karibu wote wanadhani shida ni mashini. Mashini mara nyingi iko sawa, sampuli ndio ilikufa zamani, siku ile ilikaushwa vibaya ama ikashikwa na kidole.

Kwanza jua unaenda kuona nini

Mwanga tunaoona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi, na kwa sababu hiyo hadubini ya mwanga hata iwe ya bei gani inakwama karibu na nanomita 200, vitu viwili vikikaribiana kuliko hapo vinaonekana kimoja. Elektroni iliyosukumwa na volti 10,000 ina wimbi la kama nanomita 0.012, kwa hivyo hapo hakuna kizuizi cha mawimbi, kinachozuia ni ubora wa lenzi na unene wa mwale. Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza ya kwanza Berlin mwaka 1931, Ruska akaja kupewa Nobel 1986, miaka hamsini na tano baadaye, mtu asikwambie utafiti unalipa haraka.

Ziko aina mbili kubwa. Ile ya kuskani, ambayo kwa maabara wanaiita tu semu (SEM), mwale unapita juu ya sampuli mstari kwa mstari kama mtu anafagia uwanja, na kila mahali unapogonga unarusha elektroni ndogo ndogo kutoka kwa nanomita chache za juu. Detekta inazikusanya, kompyuta inachora nukta moja baada ya nyingine. Hiyo inakupa sura ya nje. Ya pili, temu (TEM), elektroni zinapita katikati ya kipande chembamba sana, hiyo inakupa ndani. Mimi nitakaa sana kwa semu maana ndio mtu anaanza nayo, temu nitaigusa huko mwisho.

Kitu kingine, picha zote ni nyeusi na nyeupe. Zile za rangi unazoona kwa mtandao mtu amepaka kwa kompyuta baadaye. Usimwambie fundi "niwekee rangi", utachekwa mpaka ujute.

Kuchagua kitu cha kuangalia (na kutofungwa)

Kama ni mara yako ya kwanza, chukua kitu kigumu na kikavu. Ganda la yai ni zuri sana, unalivunja kwa mkono, unaangalia ule ukingo uliovunjika, unaona tabaka la kalsiamu na ule utando wa ndani ukiwa na nyuzi zimesukana kama chandarua. Bei yake unaijua. Vingine ninavyopenda:

Nondo wanaozunguka balbu ya veranda usiku. Jicho la nondo lina vijumba vingi vya pembe sita, na juu ya kila kijumba kuna safu ya vichuchu vidogo vilivyoachana kama nanomita 200. Kwa sababu ni vidogo kuliko mawimbi ya mwanga, mwanga hauoni ukuta wa ghafla wa kugonga na kurudi, unaingia pole pole, kwa hivyo jicho haling'ai na adui hamuoni kirahisi. Bernhard na Miller waliandika kuhusu vichuchu hivyo mwaka 1962, na sasa kuna vioo na paneli za sola zinaigwa kutoka hapo.

Unyoya wa mkia wa jogoo, ule mweusi unaong'aa kijani. Ule ukijani si rangi ya kuchovya, ni vijipunje vya melanini vimepangwa chini ya ngozi nyembamba ya keratini na mwanga unacheza hapo katikati. Muuza kuku yeyote atakupa bure na atakushangaa.

Halafu vumbi jeupe la Kariandusi, kule karibu na Gilgil wanakochimba daiatomaiti. Ule mwamba wote ni magamba ya daiatomu, viumbe vya seli moja vilivyoishi kwa maziwa ya zamani ya Bonde la Ufa, wakafa wakalala chini mpaka wakawa mlima. Gamba ni silika, yaani ni kama kioo, na limetobolewa matundu kwa mistari ambayo fundi mashine wa Luthuli Avenue akiiona atauliza ilitobolewa na nini. Utaona wengi wanaofanana na mapipa yaliyounganishwa mnyororo, hao ni Aulacoseira.

Sasa sheria, haraka haraka. Unyoya wa kwezi ama chozi uliouokota njiani ni mzuri ajabu, lakini kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 manyoya ya ndege wa porini yanahesabiwa nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa hata kama ndege alikufa mwenyewe. Ukitaka hivyo nenda KWS (shirika la wanyamapori) kwanza. Kama ni utafiti rasmi utahitaji pia leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Jogoo na nduma hazina maneno.

Kupata mashini

Hizi mashini ziko kwa vyuo vikuu na taasisi za utafiti, na nyingi zinapokea watu wa nje kwa malipo ya saa. Andika barua pepe, halafu piga simu, halafu uende mwenyewe, kwa mpangilio huo, maana barua pepe peke yake inaweza kulala huko miezi. Ukiongea na fundi uliza mambo haya kabla ya kulipa kitu: filamenti, yaani chanzo cha elektroni, ni ya tangsteni ama ni ile ya FEG (ya tangsteni itakufikisha nanomita kadhaa siku nzuri, FEG inafika karibu na 1), kuna mashini ya kupaka dhahabu hapo hapo, kuna hali ya vakyumu ya chini (hewa kidogo inaachwa ndani), na stima ikipotea kuna jenereta ama UPS. Hilo la mwisho si mzaha. Mimi niliwahi kukaa saa nzima nikitafuta sehemu moja kwa bawa la nondo, nikaipata, nikaenda kubonyeza kuhifadhi, giza. Ile sehemu sijaipata tena mpaka leo.

Na muheshimu fundi. Mwite mwalimu hata kama ni rika lako, mbebee chai, muulize maoni yake kabla ya kumwambia yako. Yeye ndiye ameona sampuli elfu moja, wewe umeona moja.

Kukausha, hapa ndipo watu wanaharibu

Ndani ya semu kuna vakyumu, hewa imenyonywa karibu yote. Ukiweka kitu chenye maji, maji yanachemka na kutoka, pampu inahangaika, na sampuli inakunjamana kama shati lililokaukia ndani ya ndoo. Kwa hivyo lazima maji yatoke kabla, na namna yanavyotoka ndio inaamua kama utaona maumbile ama utaona makunyanzi.

Vitu vikavu na vigumu (ganda la yai, unyoya, nondo, katani, mianzi) havina shida. Nondo muweke friza usiku mmoja, halafu mkaushe kwa chombo kilichofungwa chenye silika jeli siku mbili tatu. Silika jeli ni vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, kusanya kutoka kwa ndugu zako wote, vikaushe kwa jiko la joto la chini kabla ya kutumia. Unyoya uoshe kwa ethano (alkoholi) uache ukauke, basi.

Daiatomaiti inataka kusafishwa. Vaa barakoa, vumbi la silika si la kuvuta. Chukua kipande kama punje ya mchele, weka kwa bika na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, pasha moto pole pole chini ya kofia ya kunyonya moshi mpaka iache kutoa povu, hiyo inachoma uchafu wa mimea. Hii si ile peroksaidi ya chemisti ya kuoshea kidonda, hii inachoma ngozi inakuwa nyeupe papo hapo, kwa hivyo glavu na miwani. Kisha jaza maji yaliyotoneshwa, acha magamba yatulie chini, mwaga ya juu, rudia mara tano sita. Kanuni ya kutulia ni saa moja kwa kila sentimita 1 ya maji, kwa hivyo bika yenye sentimita 10 unaiacha kutoka jioni mpaka asubuhi. Ukiharakisha hapa unamwaga zile daiatomu ndogo kwa sinki na unabaki na kubwa peke yake, halafu unaandika kwa ripoti ati ndogo hazikuwepo. Mwisho chukua tone moja la maji ambayo weupe wake unauona kwa shida, liache likauke juu ya kioo chembamba. Yakiwa meupe kama maziwa umeweka mengi, yatarundikana.

Sasa jani la nduma. Mwanafunzi anasoma kitabu cha tishu laini, anaona njia ya kawaida, anaifuata neno kwa neno. Njia hiyo ni hii, na kwa tishu za ndani, mizizi ya gugumaji, uyoga na vitu kama hivyo, ni sahihi kabisa: glutaraldihaidi (dawa ya kukaza tishu) asilimia 2.5 kwa bufa ya fosfeti (maji yasiyobadilisha pH) ya pH 7.2 hadi 7.4, usiku mmoja kwa friji, osha kwa bufa mara tatu, kisha ethano ya asilimia 30, 50, 70, 90, halafu 100 mara tatu, kila moja dakika 15 hivi. Baada ya hapo hauachi ethano ikauke tu hewani. Unaipeleka kwa mashini ya kukausha kwa kaboni dayoksaidi, ambayo ikipita nyuzi 31 za joto na shinikizo la kama mara 73 ya hewa yetu inaacha kuwa kimiminika na inaacha kuwa gesi, hakuna uso wa maji wa kuvuta kuta za seli zianguke. Hamna mashini hiyo? HMDS (kimiminika kinachokauka hewani) inasaidia, nusu kwa nusu na ethano kwanza, halafu yenyewe tupu, iache ipotee chini ya kofia ya moshi. Kuna wanaoongeza osmiamu tetroksaidi baada ya glutaraldihaidi. Ina mvuke unaodhuru macho, usiiguse bila mtu mwenye uzoefu kusimama kando yako.

Njia nzuri, lakini kwa jani la nduma ni janga. Kinachofukuza maji pale juu ni nta, vipande vidogo vya nta vimesimama juu ya vinundu vya seli, na ethano inayeyusha nta. Unamaliza wiki nzima ya kazi, unaingia kwa mashini, unaona seli nzuri zimenona na juu yao hakuna kitu. Umeosha kile kitu ulichokuja kuangalia.

Kwa nta fanya hivi. Kata jani asubuhi, ushike kwa pembe tu na usiguse katikati hata kidogo, maana kidole kinasugua nta kinailaza. Kata vipande vya milimita 5 kwa wembe mpya. Vilaze kwa sahani, uso juu, vikauke kwa kivuli na silika jeli. Seli zitanywea, hilo likubali, lakini nta itabaki imesimama. Na kabla ya kupaka dhahabu chukua kipande kimoja cha ziada ukitonee tone la maji kwa sindano. Likibingirika, nta ipo. Likikaa likalowa, rudi sokoni ununue jani lingine, hakuna haja ya kulipia saa ya mashini. Hilo jaribio la tone ni la bure na limeniokolea pesa nyingi kuliko kitu chochote kingine kwa huu mwongozo.

Mimi ningeandaa vipande vya njia zote mbili, kimoja cha hewa cha kuonyesha nta, kimoja cha ethano cha kuonyesha umbo la seli, halafu kwa ripoti useme wazi kila picha ilitoka wapi. Ule utafiti maarufu wa Barthlott na Neinhuis wa 1997 juu ya yungiyungi ndio ulifanya watu waelewe kwamba ukavu na usafi wa jani vinatoka kwa mchanganyiko wa vinundu na nta, yaani mikwaruzo ya ngazi mbili. Na nduma anafuata mchezo huo huo.

Ukitaka ukingo wa ndani

Katani, mwanzi, unyoya, usikate kwa mkasi. Mkasi unaponda na kupaka, unaona alama za chuma na unadhani ni tabaka. Chovya kwa naitrojeni ya maji, iko nyuzi 196 chini ya sifuri, kitu kinakuwa kikavu kama biskuti, vunja kwa vibano viwili. Mpasuko unafuata njia ya asili ya kitu chenyewe. Vaa miwani, na ufanye hivyo mahali pana hewa, naitrojeni kwa chumba kidogo inafukuza oksijeni bila kunuka.

Kubandika

Kiti cha sampuli kinaitwa stabu, ni kipande cha alumini cha milimita 12.7, kama kifungo cha koti. Juu yake unaweka tepu ya kaboni yenye gundi pande zote mbili. Glavu muda wote, mafuta ya kidole yakiingia kwa vakyumu yanarudi kukusumbua. Kipande kikiwa kirefu ama kinene paka rangi ya fedha kutoka juu yake mpaka kwa alumini, kama daraja, ili umeme upate njia ya kutoka. Nondo kata kichwa ukibandike jicho likiangalia juu. Puliza kwa pampu ya mpira kutoa vilivyolegea, maana kikiruka ndani ya kolamu (lile bomba la mwale), hiyo simu utakayopigiwa hautaipenda.

Andika namba chini ya stabu kwa msumari. Si kwa peni, peni inafutika. Na chora kwa daftari ramani ya nini kiko wapi.

Dhahabu, na siku niliyojiaibisha

Vitu vya asili vingi havipitishi umeme. Elektroni zikiingia zikakosa njia zinajikusanya, picha inakuwa na michirizi meupe, inahama, inapiga mwanga ghafla. Tunasema sampuli inachaji. Dawa ni kuipaka chuma, nanomita 5 hadi 10 za dhahabu zinatosha, kwa mashini ndogo yenye mng'ao wa zambarau unaopendeza kuangalia.

Mwaka wangu wa kwanza niliangalia jani la nduma kwa ukuzaji wa mara 100,000, nikaona juu ya nta kuna vijipunje vidogo, duara, vimekaribiana sawa sawa, kila mahali. Nikajua nimevumbua. Ngazi ya tatu! Sikulala. Asubuhi nikamwonyesha mzee wa maabara, akavaa miwani, akaangalia kwa muda, akaniambia, "Kijana, hiyo ni dhahabu niliyokupakia mimi jana saa nne."

Ilikuwa dhahabu. Dhahabu haikai kama rangi ya ukuta, inajikusanya vijipunje vya nanomita kadhaa, na ukikuza sana unaviona. Tangu siku hiyo kila mara napaka pia kipande cha kioo kitupu pamoja na sampuli, na kukiangalia kwa ukuzaji ule ule. Kile kinachoonekana kwa kioo si chako. Ukihitaji kuona vidogo zaidi omba platini ama mchanganyiko wa dhahabu na paladi, punje zake ni ndogo, ama utumie volti ndogo bila kupaka kabisa.

Kwa mashini sasa

Ingiza stabu, hakikisha urefu wake haugongi lenzi, funga, subiri pampu. Ikichukua muda mrefu kuliko kawaida sampuli yako bado ina maji, usijidanganye.

Anza na kilovolti 5 na umbali wa milimita 10 kutoka lenzi hadi sampuli. Watu wanapenda kupandisha hadi 20 maana picha inakuwa na nguvu, lakini kwa kitu chepesi kama nta ama kitini (ngozi ya wadudu), elektroni za kilovolti 20 zinazama mikroni kadhaa na ishara nyingi inatoka huko chini, uso unakuwa kama kioo chenye ukungu. Kwa kilovolti 2 zinaishia ndani ya sehemu ndogo ya mikroni moja, unaona ngozi yenyewe. Kwa nta mimi hukaa kati ya 2 na 5.

Ukuzaji mara 50 kwanza. Piga picha ya ramani. Kisha 500, piga. Kisha 5,000. Wanafunzi wanakimbilia 50,000 moja kwa moja halafu hawawezi kusema ile picha ilitoka sehemu gani ya jani, na mtahini atauliza.

Kufokasi, panda mara mbili ama tatu zaidi ya ukuzaji unaoutaka, fokasi huko, halafu rudi chini. Ukipita fokasi huku na kule ukaona vitu vinavutika upande mmoja halafu upande wa pili kama mpira unaonyoshwa, hiyo ni astigimatizimu, mwale hauko duara. Simama katikati mahali havivutiki, zungusha kitufe cha X mpaka pawe pazuri zaidi, fokasi tena, kisha Y, fokasi tena. Rudia. Mara ya kwanza inachukua dakika ishirini na utatamani kulia, baada ya mwezi unafanya kwa sekunde thelathini ukiongea. Picha ikiruka kushoto kulia ukifokasi, apacha (kile kitundu mwale unapitia) haijakaa katikati, mwite fundi.

Ukikaa mahali pamoja sana utaona umeacha mraba mweusi, ni uchafu wa kaboni uliopikwa na mwale, na nta inaweza hata kuyeyuka mbele yako. Kwa hivyo fokasi kwa jirani, kisha sogea mahali papya, skani pole pole mara moja, hifadhi. TIFF, si JPEG.

Ikichaji bado, jaribu kwa mpangilio huu: shusha volti, punguza mkondo, skani haraka na uiambie kompyuta ijumlishe fremu nyingi, ongeza daraja la rangi ya fedha, halafu hali ya vakyumu ya chini kama ipo. Kupaka dhahabu zaidi ni la mwisho, nimeshakwambia kwa nini. Daiatomu zilizorundikana huwa zinachaji hata ufanye nini, tafuta ile iliyolala peke yake.

Kupima

Usiamini ile namba ya "mara elfu fulani", inabadilika kulingana na skrini. Amini mstari wa kipimo ulio chini ya picha. ImageJ, programu ya kupima picha, ni ya bure, aliianzisha Wayne Rasband kule NIH, taasisi ya afya ya Marekani, inakimbia hata kwa laptopu ya mkono wa pili. Chora mstari juu ya ule wa kipimo, nenda Analyze kisha Set Scale, andika urefu wake, basi.

Kabla ya kupima jiulize pikseli moja ni nanomita ngapi. Picha ya pikseli 1,280 inayoonyesha upana wa mikroni 6.4, kila pikseli ni nanomita 5. Kitu cha nanomita 10 hapo ni pikseli mbili, usikipime, kuza tena. Na kama uso umeinama nyuzi 45, kitu cha 100 kitaonekana kama 71 kwa upande ule wa kuinama. Jicho la nondo ni duara, kwa hivyo pima vile vichuchu vya katikati vinavyokuangalia moja kwa moja, vya pembeni viache.

Pima vingi, hamsini si vingi, na usichague vile vilivyopendeza tu. Weka gridi juu ya picha upime vinavyoangukia kwa makutano. Kwa vitu vilivyopangika kama vichuchu vya nondo kuna njia tamu ya FFT (hesabu ya kutafuta mpangilio unaojirudia) iliyo ndani ya ImageJ, inakupa pete ama nukta sita, na umbali wake unakupa nafasi ya wastani kwa mara moja.

Ukitaka kujua ni elementi gani

Semu nyingi zina EDX, kifaa kinachosoma miale ya X inayotoka kwa sampuli. Kwa daiatomu utaona silikoni kwa 1.74 keV na oksijeni, safi kabisa. Lakini ukiwa umepaka dhahabu, ina mlima wake kwa 2.12, katikati ya fosforasi 2.01 na salfa 2.31, kwa hivyo kama unatafuta hizo mbili paka kaboni badala ya dhahabu. Na EDX inasoma ujazo wa mikroni nzima ama zaidi, usielekeze kwa tundu la nanomita 100 ukasema umepima tundu.

Temu, kidogo tu

Mpangilio wa melanini ndani ya unyoya wa jogoo hautauona vizuri bila temu. Hapo sampuli inazamishwa kwa resini na kukatwa kwa kisu cha almasi vipande vya nanomita 60 hadi 90, kazi ya mikono mitulivu na miezi ya mazoezi. Mwaka 2012 Silvia Vignolini na wenzake walionyesha hivyo kwamba tunda la Pollia condensata, la misitu ya Afrika, ni buluu kwa sababu ya nyuzi za selulosi zilizopangwa kama ngazi ya kuzunguka, bila rangi yoyote ya buluu ndani, na matunda waliyotumia yalikuwa yamekaa makavu kwa hifadhi miaka mingi na bado yanang'aa. Kwa temu tafuta mtu anayekata tayari, mlipe, usijifunzie kwa kisu chake.

Baada ya hapo

Stabu usitupe. Weka kwa sanduku lake na silika jeli, nta ya nduma iliyopakwa inakaa muda mrefu ikiwa kavu, na mtahini akitaka picha nyingine unarudi kwa kipande kile kile badala ya kuanza upya. Nakili picha mara mbili, na faili ya maandishi inayotoka na kila picha, ile yenye volti na umbali, usiifute ukidhani ni takataka. Ukimaliza kabisa ng'oa tepu, osha alumini kwa asetoni, stabu inatumika tena. Yangu yenye namba 7, ile ya uvumbuzi wa dhahabu, sijaiosha, iko kwa droo, nawaonyesha wanafunzi wapya kabla hawajagusa mashini.